Vitabu Vinavyoletwa kwa Gundi

9 Januari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zilizotiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Habari za shuleni kwenu? Mkuu wa shule bado anakuletea mitihani ya kuchapa dakika ya mwisho? Na yule nesi wa shule, shoga yako, bado anacheka mpaka anashika ukuta? Wasalimie wote, na uwaambie mdogo wako kaolewa na kanenepa kwa wiki tano tu.

Dada, raha ninayoiona siwezi kuisimulia, lakini nitajaribu. Tuna vyumba viwili. Cha mbele ni cha kulala na kula, kina dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo za jirani. Cha nyuma ni karakana yake. Asubuhi nikifungua mlango, harufu ya gundi inanipokea, na mimi niliyekuwa siwezi hata harufu ya rangi ya kucha, sasa naivuta kama marashi! Watu wanaompa kazi wanamwita Gundi na mimi nimelichukua jina hilo hilo. Nikimwita "Gundi wangu," masikio yanamwiva kwa haya.

Chuo cha udaktari humletea vitabu vilivyochakaa. Anavifumua, anapanga kurasa mafungu mafungu, anapitisha uzi kwenye nta, anavishona upya, kisha anavibana kwenye mashine yake mpaka kesho yake. Nilimuuliza, "Mume wangu, vitabu vyote hivi umevisoma?" Akasema, "Mke wangu, nikianza kusoma sitajalidi hata kimoja. Mimi ni fundi cherehani wa vitabu. Fundi cherehani hawezi kuvaa nguo zote za wateja." Nilicheka siku nzima. Mwanamume mwenye mikono ile na maneno yale, halafu ni wangu!

Nina swali la uchokozi. Siku tulipoondoka, pale kituo cha mabasi, ulimvuta Gundi nyuma ya kibanda cha tiketi mkaongea muda mrefu. Nilipomuuliza, akasema, "Mambo ya mashemeji." Najua ulimwambia akinitesa utamfuata kwa rula yako ya ofisini. Niambie ulivyomwambia, nicheke.

Ni mimi mdogo wako mwenye furaha isiyo na aibu,
Chiriku wako

27 Januari

Chiriku,

Barua yako imefika na sukari yake. Nashukuru kwamba kuna mtu wa kukusikiliza zaidi yangu, maana masikio yangu yalishachoka miaka mingi. Shuleni tumefungua muhula. Nesi anakusalimu.

Niliyomwambia shemeji ni mambo ya mashemeji.

Nimekutumia cherehani ya marehemu mama kwa basi la mizigo. Ipakue kwa uangalifu, pedali inalegea. Usiniulize kwa nini sasa. Hapa inakaa tu na kujaa vumbi, na wewe una nyumba. Mablanketi mawili mazito nayo yamo.

Kula vizuri. Mpende mumeo, lakini na kelele upunguze, mtu anashona.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Cherehani imefika salama na pedali tumeikaza. Nilipoiona nililia, kisha nikaipangusa, kisha nikalia tena. Dada, wewe ambaye ulikuwa hutaki hata niiguse kwa kidole! Ahsante mno. Sisi huku tunaendelea, jirani amepata mjukuu, na mimi nimejifunza kukata gamba la jalada bila kujikata.

Sasa naandika jambo ambalo sijawahi kufikiria nitaliandika. Kaa chini.

Wiki iliyopita nilirudi sokoni mapema. Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu. Nikamkuta Gundi ameketi, uzi na sindano vimelala pembeni, anasoma. Anasoma, dada! Kidole kinakwenda mstari kwa mstari, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Kile kitabu kikubwa cha magonjwa ambacho kimekuwa mezani tangu tuhamie. Vingine vyote vimekwisha na kurudishwa, hicho hakimaliziki. Aliponiona akakifunga ghafla. Nikasema, "Leo fundi anavaa nguo za mteja?" Hakucheka. Akasema, "Nilikuwa nahesabu kurasa."

Mtu hahesabu kurasa kwa kutingisha kichwa na kupumua vile.

Tangu hapo nikawa mpelelezi ndani ya ndoa yangu mwenyewe. Barua anaandika na kuzipeleka posta yeye, na bahasha anaificha kifuani. Kwanza nilidhani mwanamke. Nilikaa siku tatu nikinusa mashati yake, nikitafuta nywele isiyo yangu. Hamna. Mashati yananuka gundi na mimi.

Kisha nikakipata kikaratasi kwenye kikapu cha vipande vya karatasi. Juu kimechanwa, kimebaki chini tu, kwa mwandiko wake:

Kati ya kumi. Baada ya mwaka mmoja, tisa. Miaka mitatu, sita. Miaka mitano, watatu. Miaka minane, mmoja.

Nilidhani ni hesabu ya vitabu. Nikaisoma tena. Vitabu haviishi miaka, dada. Hao ni watu. Ni watu kumi wenye ugonjwa fulani, na hao ndio wanaobaki.

Mume wangu anaumwa na hataki nijue. Amepungua shingo, nimeona. Ananikumbatia muda mrefu kuliko zamani. Mimi nilidhani ni mapenzi yanakolea, kumbe pengine ananiaga kidogo kidogo. Nina miaka ishirini na miwili. Nikiongeza mitano ni ishirini na saba. Nimeolewa ili niwe mjane kabla sijafika thelathini?

Nakuomba, muulize nesi kimya kimya. Ugonjwa gani unaua namna hiyo? Mtu mwenye hesabu kama hizo amebakiwa na nini? Ningekupigia simu, lakini kwenye simu nitalia na Gundi atasikia. Nijibu upesi. Sili vizuri.

Chiriku wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kukuweka. Kulikuwa na mitihani, halafu mafua, halafu uchovu tu. Kazini wote wazima. Paka wa nesi amezaa ndani ya kabati la dawa na amekataa kuhamishwa.

Nimeuliza ulichoniambia niulize. Ninavyoelewa mimi, magonjwa ya damu ya namna hiyo huenda taratibu. Mtu anaweza kufanya kazi zake, akapanda ngazi akipumzika katikati, akalala na kuamka shuka imelowa jasho, na asiyejua asijue. Hayana maumivu makali mwanzoni. Tumbo la kushoto linajaa mapema ukila. Hiyo ndiyo habari. Kuhusu miaka, hesabu za vitabu ni za vitabu. Aliyeandikiwa ameandikiwa.

Lakini mumeo haumwi. Nakuhakikishia. Acha kumpekua mashati, ni aibu. Mwanamume akishikwa kila hatua na mkewe, hata mzima ataugua. Mpikie, mcheke, mlale. Sitaki kusikia tena habari za kikaratasi.

Kesho natuma albamu ya picha. Na ile saa ya ukutani kama mwenye basi atakubali kioo.

Dada

26 Machi

Dada,

Salamu nimeziweka mwishoni leo, nikizikumbuka.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilishusha pumzi, nikamwekea Gundi kipande kikubwa cha mkate. Mara ya pili nikasimama katikati ya chumba.

Nani alikuambia ni damu?

Mimi sikuandika damu. Sikuandika ugonjwa wowote kwa sababu siujui, kikaratasi kimechanwa juu. Nilikupa namba tupu. Na wewe umenijibu damu, ngazi, shuka, jasho, tumbo la kushoto. Nesi gani huyo anayesoma ugonjwa kutoka kwenye "kati ya kumi"?

Kwa hiyo mnajua. Wewe na yeye. Zile barua anazoficha kifuani zinakuja kwako. Mume wangu anaumwa damu, amemwambia shemeji yake, amemficha mkewe anayelala ubavuni mwake! Na wewe, uliyenilea, uliyeniogesha, ukanisuka, ukanifundisha kusoma kwa karatasi zilizokosewa za mitihani, unanizunguka kama mtoto anayefichwa dawa chungu.

Nimekupigia simu mara tisa. Najua umeiona inalia.

Na hizi zawadi moja baada ya nyingine, ni za nini? Ni fidia ya uongo?

Nijibu jambo moja tu. Gundi amebakiwa na miaka mingapi?

Wasalimie shuleni.
Mdogo wako

2 Aprili

Chiriku,

Usipige simu kazini. Mkuu wa shule amelalamika.

Shemeji hajakukosea lolote. Yaliyobaki yaache.

Albamu umeipata? Picha ya mama akiwa na kofia iko ukurasa wa mwisho, imelegea, mwambie shemeji aibandike.

Dada

9 Aprili

Dada yangu,

Albamu nimeipata, na nimeiweka mapajani ninapoandika. Sasa wewe ndiye ukae chini, na usiinuke mpaka umalize.

Barua yako ya mistari mitano ilipofika, niliingia karakana nikafunga mlango kwa ndani. Gundi alikuwa ameshika brashi. Nikamwambia, "Leo hutoki humu mpaka uniambie utakufa lini."

Akasema, "Mimi?"

"Wewe. Damu yako. Miaka mitano, watatu. Nimeona."

Dada, niliona uso wake ukifunguka kwa mshangao, halafu ukafunga tena kwa jambo lingine. Akaweka brashi chini. Gundi ikamwagika kwenye jalada la watu, hakuijali. Akasema, "Si mimi, mke wangu."

"Ni nani?"

"Nimekula kiapo."

"Kwa nani?"

Aliangalia ukutani, kwenye ile saa yako iliyofika juzi. Akaiangalia muda mrefu, na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu. Hakuvunja kiapo, nataka ujue hilo. Hakutamka neno. Lakini mimi nina macho. Cherehani. Mablanketi. Albamu. Saa. Mtu aliyehesabiwa ndiye anayegawa vitu vyake.

Niliketi sakafuni kwenye vipande vya karatasi. Nikamwambia, "Kule nyuma ya kibanda cha tiketi." Akaitikia kwa kichwa. Basi nikayakisia mwenyewe moja moja, nikikosea anatikisa kichwa, nikipata anaitikia. Kwamba ulipimwa damu wiki moja kabla ya harusi yangu. Kwamba nesi ndiye aliyekusukuma. Kwamba zahanati walikuambia uende hospitali kubwa na wewe ukataka kwanza kujua mwisho wake, kama unavyosoma hadithi, ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Kwamba shemeji ana vitabu vya udaktari nyumbani, basi akutafutie na akuandikie ukweli, na mke wake asiharibiwe fungate. Akakutafutia. Akakuandikia zile namba. Na wewe ukaziamini, ukakaa. Hukwenda hospitali. Miezi minne!

Nilimkasirikia, dada, mpaka meno yakauma. Nilimwambia maneno ambayo mke wa miezi minne hapaswi kuyajua. Nikachukua kile kitabu, kurasa zake bado mafungu, nikakifunga kwa kanga nikaenda nacho chuoni.

Maktaba yao iko ghorofa ya pili. Mama mtunza maktaba ana miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Nikamwekea mzigo mezani, nikamwonyesha ukurasa. "Mama, hizi namba ni za kweli?"

Akashusha miwani. "Zilikuwa za kweli."

"Zilikuwa?"

Akafunua mwanzo, kwenye ule ukurasa wa mwaka wa kuchapwa, ambao Gundi huuweka pembeni kwanza kabisa kwa sababu ndio unaochanika upesi. "Mwanangu, hiki kilichapwa miaka ishirini na minane iliyopita. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi hata dawa ya ugonjwa huu haikuwepo. Kwani nani anasoma hivi? Tunavijalidi kwa ajili ya kumbukumbu tu. Vinavyotumika viko rafu ile."

"Lakini mume wangu..."

"Wewe ni mke wa Gundi?" Akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mwanangu, kwa Gundi tunapeleka vikongwe. Kitabu kipya hakihitaji kushonwa. Mumeo hajawahi kushika kitabu cha miaka ya karibuni tangu aanze kazi na sisi."

Dada, nilishika meza. Mwanamume wangu mwaminifu, aliyevunja mwiko wake akasoma mstari kwa mstari kwa ajili yako, alisoma kitabu pekee alichokuwa nacho. Hakudanganya. Wala hakujua kuuliza.

Yule mama akaniletea kipya. Kizito kama jiwe la kusagia, kurasa zinang'aa. Nikamweleza habari zako, tukasoma pamoja, pale nisipoelewa akanieleza. Siku hizi ugonjwa huo una vidonge vya kumeza kila siku. Wengi wanaovianza mapema, ugonjwa ukiwa bado katika hatua ya kwanza, na wasioviacha, huishi karibu sawa na watu wa rika lao. Karibu sawa, dada! Niliusoma mstari huo kwa sauti mpaka wanafunzi wakageuka. Mama mtunza maktaba akanibana mkono akasema, "Taratibu. Hizi ni hesabu za watu wengi waliokusanywa. Hazimjui dada yako. Na zimesema mapema."

Mapema. Neno hilo ndilo limenifanya nikimbie kwenye ngazi.

Sikuandikii ili nikuombe. Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Utakuwa umevaa, utakuwa na kile cheti cha zahanati mkononi, na tutakwenda hospitali kubwa. Ukijifungia ndani nitapiga kelele barabarani mpaka mkuu wa shule aje, na unajua sauti yangu.

Chiriku

Gundi amesema niongeze kwamba anaomba radhi. Nimeongeza. Mimi bado sijamsamehe vizuri. Namkumbatia nikiwa nimenuna.

18 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na miguu imepungua kuvimba. Siku tatu umelala kwenye benchi la hospitali kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nesi amewasimulia shule nzima jinsi ulivyomwambia daktari bingwa, "Mimi si mgonjwa, lakini maswali yote ni yangu."

Majibu yalitoka wiki iliyopita, ndiyo maana nimesubiri kuandika. Bado ni hatua ya kwanza. Daktari alisema hivyo, kisha akaongeza kwamba bandama imekua kuliko inavyotakiwa, na kwamba miezi minne si kitu cha kuchezea. Nimeanza vidonge. Vinanivimbisha macho na tumbo linachafuka mpaka saa nne. Nimemuuliza miaka mingapi. Akasema, "Mama, niulize baada ya miezi mitatu, tuone damu yako inajibu nini. Kwa sasa ningekuwa nakubahatishia." Nilimchukia kwa jibu hilo. Baadaye nikaona ni mtu wa kwanza ambaye hakunipa namba aliyoiokota mahali.

Nikuambie niliyokataa kukuambia ukiwa hapa. Sikuogopa hospitali. Zile namba zilinipumzisha. Nilipozipata nilijua la kufanya, vitu gani viende wapi, nani atachapa mitihani, nikawa nimetulia kabisa. Ulipokuja na "karibu sawa" zako uliniharibia utulivu. Sasa naamka kila asubuhi nikitaka kitu. Inachosha kutaka, Chiriku. Nilikuwa nimesahau.

Kwa shemeji, acha kununa. Nilimchagua kwa sababu hajui kusema uongo, nikamfunga mdomo, kisha nikamlaumu moyoni kwamba ameniletea habari mbaya. Kosa la kutouliza mwaka wa kitabu ni langu pia. Mimi ndiye karani. Kazi yangu yote ni kuangalia tarehe.

Kipimo kingine ni tarehe 20 Agosti. Nitakuandikia. Ila najijua, na wewe sasa unanijua. Nikikuandikia kwamba sijambo na nisitaje daktari amesema nini, usiniamini. Nikikutumia kitu chochote kwa basi la mizigo, hata kijiko, usiniamini. Nikichelewa zaidi ya wiki mbili, usingoje barua. Nakupa ruhusa ya kunishuku, mbele ya watu na nyuma yangu, mpaka tuzeeke wote wawili au mmoja wetu achoke.

Dada yako